Maziwa ya Asha

Bibi Mwanaidi alizikwa Jumatano, alasiri, na mimi nilikuwa ndani na wanawake wengine, nalia kwa sauti kuliko wajukuu zake. Watu walidhani namlilia yeye. Mama mmoja wa jirani alinishika mkono akaniambia, "Basi, Zuhura, kazeeka, kapumzika. Usimlilie mtu aliyeshiba miaka." Nikapangusa uso kwa kanga, nikaendelea kulia. Kumbe mimi nalia kwa sababu jambo moja hapa duniani lilikuwa linajulikana na watu wawili, yeye na mimi, na sasa kafukiwa na nusu yake, nusu yangu imebaki kifuani. Bibi Mwanaidi alikuwa mama mkwe wa dada yangu Mwajuma. Sikumpenda. Nilimwogopa kwanza, baadaye nikamchukia, na nilipoambiwa amekata roho, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba sasa hakuna atakayenisema. Ndivyo nilivyo. Nimeamua kuandika haya kwa mkono wangu, mtu niliyeishia darasa la tano, kwa sababu kilichotokea siku ya pili ya matanga kimeninyima usingizi.

Tulikuwa jikoni, tumekaa kwenye magunia, tunachambua maharage. Dada Mwajuma alikuwa amempakata mjukuu wake Shabani, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, ambaye mama yake alimwachisha ziwa akaenda Dodoma kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Mtoto alikuwa kimya. Mtoto wa umri ule, nyumba imejaa watu, halii, hachezi, anatazama tu kama mzee aliyechoka na wageni. Nywele zake zilikuwa nyepesi, rangi ya ndevu za mahindi. Nikamshika mguu kama ninayemchezea, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikatoa kidole. Shimo likabaki. Likabaki pale likinitazama. Dada akaona ninachofanya. Akasema, "Na wewe umeanza? Juzi alikuja yule binti wa afya ya jamii, kampima mkono kwa utepe wake, eti umeishia kwenye nyekundu ya hatari, eti nimpeleke hospitali leo leo. Nikamwambia, mwanangu, mimi kule nilishampeleka wangu. Nilimpeleka Asha, wakamnyima chakula mpaka akafa, wanampa maziwa ya kikombe kama paka. Simpeleki mwingine." Halafu akawageukia wanawake waliokuwa pale. "Huyu mdogo wangu alikuwepo. Zuhura, waambie." Wote wakanitazama, mikono imesimama juu ya maharage. Nikasema, "Nilikuwepo." Basi. Neno moja, na ni kweli tupu, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, isipokuwa ule wa kwanza.

Mwaka wa Asha mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimekwenda kukaa kwa dada, upande wa Ikungi, kumsaidia maana alikuwa na mimba kubwa. Nyumba yao ilikuwa tembe, vyumba vitatu vimepangwa kama mabehewa, na cha mwisho ndicho cha Bibi Mwanaidi. Kuku walilala chini ya kitanda chake. Mayai aliyaweka kwenye chungu chenye pumba za uwele, na kila Jumanne alikuja mnunuzi na baiskeli yenye matenga mawili, akaondoka na mayai na kuku, tukabaki na manyoya. Chumba cha kati kilikuwa na magunia ya alizeti mpaka darini. Ng'ombe walikuwepo, saba, na watatu walikamuliwa. Nyumba ile haikuwa na njaa. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakisikia mtoto amekufa kwa utapiamlo wanafikiria ukame na vyungu vitupu. Sisi mwaka ule tulivuna. Asubuhi maziwa yalitoka na dumu kwenda kwenye vibanda vya chai barabarani. Alizeti ilikwenda kukamuliwa, mafuta yakauzwa, yakarudi mashudu, na mashudu walipewa ng'ombe. Hata ng'ombe walipata mabaki ya kile kilichotoka shambani kwetu. Asha hakupata.

Nawataja. Wa kwanza ni shemeji Ramadhani, mume wa dada. Alikuwa anataka mabati. Kila yai na kila lita ya mafuta kwake ilikuwa kipande cha bati, na siku kuku alipochinjwa kwa ajili ya mgeni, nyama ilikwenda kwenye sahani ya wanaume, watoto wakaletewa shingo na mchuzi. Wa pili ni Bibi Mwanaidi, marehemu, na sitamwombea msamaha kabla sijamtaja. Yeye ndiye aliyesema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Siku moja Asha aliokota yai la kupasuka kule uvunguni, akalilamba. Bibi akamchapa vidole kwa mwiko. "Leo yai, kesho mbuzi wa watu." Wa tatu ni dada yangu. Namsema kwa uchungu, lakini ni wa tatu. Alipojua ana mimba alipaka chuchu pilipili, Asha akawa ameachishwa ziwa kwa siku moja, kutoka kifuani mwa mama mpaka kwenye ugali wa uwele na mlenda, asubuhi, mchana na jioni. Wa nne ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nasonga ule ugali.

Asha alipoanza kuvimba tulifurahi. Nacheka vibaya nikikumbuka. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene, na jirani aliyekuja kuazima kinu alisema, "Huyu mtoto kanawiri jamani, mnampa nini?" Bibi akajibu, "Ugali wa kwetu." Baada ya wiki chache ngozi ya mapajani ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta, na hapo Bibi akabadilisha wimbo. Akamwita dada na shemeji chumbani kwake, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nasaga, nikasikia kila kitu. "Mmembemenda mtoto," akasema. "Hamkuweza kusubiri. Mtoto alikuwa bado ananyonya, nyie mnatafutana usiku. Mwone sasa." Dada akalia. Shemeji akasema, "Mama, punguza sauti, watu watasikia." Hilo ndilo lililomuuma, watu. Basi Asha akafichwa. Karibu miezi miwili hakutolewa uani mchana, akawa anaogeshwa maji ya mizizi, kwa aibu ya jambo ambalo halikuwa na uhusiano na kitanda cha mtu yeyote. Tulikuwa tunamwona anaisha, na tulichokuwa tunalinda ni jina. Alifika hospitali kwa sababu tu dada alijifungua, akapeleka kichanga kliniki, nesi akamuuliza, "Huyu aliyemtangulia yuko wapi?" Dada hakujua kudanganya vizuri. Siku ile ile gari la hospitali lilimfuata Asha, na kwa kuwa dada alikuwa na kichanga, nikaenda mimi.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane, kuta zimepakwa bluu mpaka kiunoni, juu nyeupe. Ilinukia maziwa yaliyochemka na sabuni ya mche. Kila kitanda kilikuwa na karatasi imening'inizwa, ambayo nesi alijaza kila baada ya saa mbili: mtoto kapewa kiasi gani, kabakiza kiasi gani, katapika au hakutapika. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Agnesi, Mnyiramba wa kule Kinampanda, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Asubuhi alituweka barazani sisi wenye watoto akatufundisha. Siku yangu ya kwanza alileta ugali wa jana kwenye sahani, akatugawia kila mtu kipande kidogo. "Wekeni mdomoni. Tafuneni, msimeze." Tukatafuna. "Mnasikia nini?" Mama Petro, mwanamke wa Kigogo kutoka Kintinku ambaye mwanawe alilala kitanda cha jirani na sisi, akasema, "Nasikia njaa, sista. Mboga iko wapi?" Wote tukacheka. "Tafuna tu, we mama." Tukaendelea, na baada ya muda ugali ule mkavu ukaanza kuwa mtamu. Hata leo nikiwa peke yangu huwa nafanya hivyo. "Huo utamu ni sukari," akasema. "Ugali ni sukari iliyofungwa mafundo. Mate yanaanza kufungua, utumbo unamalizia, damu inabeba inapeleka mwilini. Hiyo ni kuni. Mwili unaota moto kwa hiyo."

Halafu akauliza, "Nani anakaa kwenye tembe?" Tukanyoosha mikono karibu wote. "Usipoikandika mwaka mzima inakuwaje?" Mmoja akajibu, "Mvua inaila." Akasema mwili nao unabomoka kidogo kila siku na kila siku lazima ukandikwe, na udongo wake ni maziwa, maharage, mayai, nyama, samaki, karanga. Ukiwa na kuni bila udongo, moto unawaka ndani ya nyumba inayoanguka. Mafuta, akasema, ni ghala, kijiko kimoja kinampa mtoto nguvu ambayo angeitafuta kwenye matonge mawili. Mtoto akikosa vyote, mwili unachoma mafuta yake wenyewe kwanza. Yakiisha unaanza kung'oa nguzo za nyumba, unachoma nyama ya mikono na mapaja. "Na moyo ni nini?" Akajijibu mwenyewe, "Moyo nao ni nyama. Nao unaliwa." Nikamuuliza mbona sasa Asha amevimba kama ameshiba. Hakunicheka. Akaniambia kwamba ini linatengeneza kitu kinachoyashika maji yasitoke kwenye damu, na linakitengeneza kwa chakula kile cha kukandika nyumba. Kikikosekana, maji yanavuja na kukaa miguuni. "Huo si unene, binti. Maji hayo yakitoka utamwona alivyo." Na ikawa hivyo.

Kuhusu vikombe vidogo alitueleza kwa mfano ambao mpaka leo unanichoma. "Kijiji kimekimbiwa na watu wake wote. Wamebaki wazee watatu. Ukiwaletea debe moja la uwele wapure, watapura. Ukiwaletea lori?" Mama Petro akasema, "Watafia kwenye kinu, sista." "Umesema mwenyewe. Utumbo wa huyu mtoto umekuwa mwembamba, ini limechoka, moyo umekonda. Tunamletea debe debe mpaka vijana warudi kijijini. Na chumvi hata chembe. Chumvi inavuta maji kwenye damu, na moyo huu hauna nguvu ya kuyasukuma." Nilisikia. Sitasema sikusikia. Lakini kwetu mtu ambaye hajala ugali hajala, hata akinywa ndoo ya maziwa utamkuta anauliza chakula kinaiva saa ngapi. Na vile vikombe, ukweli, vilikuwa vidogo.

Sasa nifike kwenye maziwa. Yalikuwa na sukari, na mafuta yalielea juu kidogo, ya vuguvugu. Mimi maziwa matamu ya namna ile nilikuwa sijawahi kuonja. Ya ng'ombe wetu nilikuwa nayabeba, siyanywi. Asha siku za kwanza alikuwa hataki. Anafunga mdomo, anageuza uso ukutani, na kumnywesha kikombe kimoja kwa kijiko kulichukua karibu saa nzima. Siku ya pili alipogeuza uso nikanywa nusu. Nesi akapita na karatasi. "Amemaliza?" "Amemaliza." Akaandika. Sisi wauguzaji tulipewa ugali na maharage mara mbili kwa siku, kwa hiyo sitasingizia njaa. Nilikunywa kwa sababu yalikuwa matamu na kwa sababu mtoto hakuweza kusema. Siku nne nilikunywa, si kila kikombe, lakini vingi. Sista Agnesi alisimama na karatasi yetu akakuna kichwa. "Anakunywa vizuri hivi, mbona amelegea vile vile?" Akaitazama miguu ya Asha, akanitazama mimi, akaondoka. Aliyenikomesha ni Mama Petro. Alikuwa anakunja kanga yake, hata hakunigeukia. Akasema, "We binti, hayo maziwa yana mwenyewe." Nilitamani ardhi ipasuke. Kuanzia hapo sikugusa tena hata tone. Nilimnywesha Asha kijiko kwa kijiko, nikimwimbia, nikimpangusa, na mwili wake ukaanza kuvuja yale maji. Siku ya nane alikuwa kama kifaranga kilicholoa, mbavu tupu, na alikuwa anacheka. Alijifunza kunishika sikio akitaka kikombe. Akawa anamaliza, anataka kingine, hakipo, analia. Kilio chake kilikuwa na nguvu. Sista akasema, "Msikie huyo, vijana wanarudi kijijini. Wiki ijayo tunamwongezea." Mama Petro aliruhusiwa siku iliyofuata, mwanawe mgongoni, akaniaga bila kunisema kwa mtu.

Kilio kile ndicho kilichonivuruga. Kila alipolia njaa nilisikia vile vikombe nilivyokunywa. Nilijiambia nina deni la tumbo lake. Ndipo Bibi Mwanaidi alipokuja, saa ya kuona wagonjwa, mchana, na kapu kichwani. Mlinzi wa getini, ambaye jina lake silijui ila uso wake naujua, alitakiwa kuzuia chakula cha watoto wa wodi ile. Bibi alimpa paja la kuku, akapita. Nilimwamkia. Akamtazama Asha akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, sitamnyima hilo. "Mmemfanya mifupa. Alikuja hapa na mwili wake." Nikamwambia, "Bibi, ule ulikuwa maji." Akasema, "Maji ya nani? Mtoto anakula nini?" Nikamwonyesha kikombe. Akakishika, akakigeuza juu chini. "Hiki? Hiki ni cha kumbembelezea paka." Kwenye kapu mlikuwa na ugali wa uwele na kuku mzima, kasoro lile paja la mlinzi. Fikiria. Mwanamke aliyemchapa mtoto vidole kwa yai la kupasuka alimchinjia kuku mzima, akatembea na kapu jua kali, kwa sababu alihisi mtoto anakufa na labda kwa sababu alijua anadaiwa. Tulikuwa wadaiwa wawili pembeni ya kitanda kimoja. Sista alikuwa kwenye kikao. Bibi akauma tonge, akalitafuna mwenyewe mpaka likalainika, akamtilia Asha mdomoni. Mimi nikamshika kichwa. Asha alifumbua mdomo kabla hata kidole hakijafika. Nikamnywesha mchuzi. Niliuonja kwanza. Ulikuwa umekolea chumvi.

Siku ile Asha hakupatwa na kitu. Alilala, akaamka, akacheka. Bibi alirudi kesho yake na kapu lile lile, na safari hii tulimpa mara mbili ya jana, maana jana ilikuwa imetuonyesha kwamba sista ni mwoga tu. Nilikuwa nimefurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ni la kweli. Siku ya tatu asubuhi Asha alianza kuhema kama aliyekimbia. Miguu ilikuwa imejaa tena. Sista Agnesi akaja mbio, akaweka kipimo kifuani, akabonyeza tumbo upande wa ini, akaniuliza, na uso wake ulikuwa karibu na wangu, "Zuhura. Kuna mtu amempa kitu chochote? Niambie nijue nafanya nini." Alikuwa anauliza ili amtibu. Hakuwa anauliza ili anifunge. Nilifikiria kuku, nikafikiria yale maziwa, nikaona nikifungua moja litatoka na la pili. Nikasema, "Hapana, sista." Daktari akaja, wakasema maneno yao, wakajaribu dawa, na adhuhuri Asha akaacha kuhema. Sijui kama ningesema angepona. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu sijamuuliza mtu.

Shemeji Ramadhani alifika na watu watatu kuchukua mwili. Alisimama katikati ya wodi akasema kwa sauti, wazazi wote wanasikia, "Mmemuua mwanangu kwa njaa. Nyumbani kwangu kuna ng'ombe, kuna kuku, nyie mnampa vikombe vya kuchezea." Sista Agnesi hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Zuhura, mwambie shemeji yako mtoto alikuwa anaendeleaje." Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, na ufa wake ulianzia mguu wa kitanda ukaenda mpaka mlangoni. Nikaufuata ule ufa kwa macho mpaka nikatoka nao nje. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa chini barazani, kanga usoni. Hatukuzungumza siku ile, wala mwaka ule, wala miaka yote mpaka Jumatano aliyozikwa. Tulikuwa tukikutana kwenye shughuli, tunasalimiana, "Shikamoo, Bibi", "Marahaba", na kila mmoja anaangalia pembeni. Habari ikaenea vijiji vyote vya kando ya barabara kwamba kuna wodi inaua watoto kwa njaa. Nilisikia kuna wanawake waliotoroka na watoto wao dirishani. Nilisikia pia kwamba Sista Agnesi aliondolewa pale, akapelekwa zahanati ya mbali. Wanasema amestaafu, yuko kwao, analima alizeti. Si mbali. Nauli ninayo. Sijaenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo nilivyokaa jikoni kwa dada siku ya pili ya matanga, nikisema "Nilikuwepo", na shimo la kidole changu likiwa mguuni kwa Shabani. Siku ya tatu, watu walipoanza kuondoka, nilimkuta dada uani anapepeta uwele, mtoto kalala kwenye kanga pembeni. Nikakaa chini. Nilikuwa nimejipanga kuanza mbali, nikashindwa. Nikasema, "Dada, Asha hakufa kwa njaa. Bibi alileta ugali na kuku siku mbili, tukampa. Mchuzi ulikuwa na chumvi. Walikuwa wamekataza. Sista aliponiuliza nikakana. Na kabla ya hapo nilikuwa nakunywa maziwa yake." Ungo haukusimama mara moja. Ulikwenda mara tatu, nne, polepole, halafu akauweka chini, akachagua jiwe moja kwenye uwele akalitupa.

Akauliza, "Alikula?"

"Nani?"

"Asha. Ule ugali. Alikula au mlimlazimisha?"

"Alikula, dada. Aliomba tena."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanashuka lakini uso wake haukubadilika. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikisonga ugali nikifikiri yule alikufa anautaka." Nikajua nimempa kitu na nimemnyang'anya kitu kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kizito. Nikasema nisamehe. Akasema, "Usiniambie hilo neno leo. Nitakupiga." Alisema kwa upole kabisa. Kisha akaniambia, "Nimekaa na yule mama mkwe mpaka nimemwogesha kitandani. Nimemlisha kwa kijiko. Na yeye kimya, na wewe kimya. Mlikuwa mnanitazama." Akainuka, akamwokota Shabani, akamfunga mgongoni, akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki na sweta. "Leta pikipiki."

Wodi siku hizi iko jengo jipya, ina vigae, na nesi wa zamu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alimpima Shabani, akampima tena, akasema amechelewa lakini si sana. Akauliza nani atabaki na mtoto. Mimi nilikuwa nimebeba begi. Dada akalichukua mkononi mwangu. "Nabaki mimi. Huyu ananisindikiza tu." Kijana akaanza kumweleza masharti: maziwa haya tu, kwa saa hizi tu, ugali hapana, uji hapana, mchuzi hapana, hata akilia, hata kama ndugu ametoka mbali na chakula. Dada alimsikiliza nusu, halafu akamkatiza. "Mwanangu, mimi nimeelewa. Mwambie huyu." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. Kijana akashangaa kidogo, akanigeukia, akaanza upya, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anavyomweleza binti wa kijijini wa miaka kumi na sita. Nilisimama pale, mikono mitupu, nikamsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza aliuliza kama kuna kitu sijaelewa. Nyuma yake dada alikuwa ameshaketi kitandani, kijiko mkononi, mtoto kageuza uso ukutani, na yeye anasubiri.